Kituo Kimoja Kilichobaki

Majirani walimtoa mama mmoja, ameshakufa, chini ya ukuta wa jiko lake saa nne na nusu asubuhi, ndoo bado mkononi. Ukuta aliujenga mumewe, fundi mwashi. Kufika saa sita fundi alikuwa mahabusu, eti alibana saruji.

Aliyewaelekeza polisi hivyo ni meneja wa machimbo ya mawe, ng'ambo ya kijito. Alisema lilipita tetemeko dogo la kutoka mbali, na ukuta imara usingeangushwa nalo. Inspekta alimsikiliza huku akitazama vumbi jeupe kwenye viatu vya meneja. Kisha akaenda kituo cha kupima matetemeko.

Mtaalamu wa hapo, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisikitika kwamba vituo viwili vya jirani vimeharibika, kimebaki chake tu. Hata hivyo akatandaza karatasi. Wimbi la kwanza hukimbia, la pili hujikokota. Kati ya hayo mawili palikuwa na sekunde mbili, yaani kama kilomita kumi na sita kutoka hapo kituoni. Na msukumo wa kwanza uliitupa ardhi juu na kuelekea magharibi. Basi umetoka mashariki.

Inspekta alipima kwenye ramani. Kidole kikatua juu ya machimbo.

"Nani mwingine anajua vituo vimekufa?"

"Meneja wa hapo hapo. Alikuja wiki jana kuuliza kama vimepona. Nikamshukuru kwa kujali."

Alasiri meneja aliketishwa mbele ya meza.

"Leo mlilipua?"

"Tazama daftari la baruti, afande. Hakuna."

"Tetemeko lilitoka wapi?"

"Nani ajuaye? Kwa kituo kimoja hupati mahali."

"Nilikuambia kimebaki kimoja?"

Inspekta akamwekea ile karatasi na ramani.

"Na king'ora cha kuonya watu kabla ya kulipua, mbona hukukipiga?"

"Nikikipiga wanakijiji wanatoka, wanakaa barabarani na watoto wao kutuzuia. Kesi yao ni kesho, na mahakama ingetufungia machimbo. Nikangoja waingie kwenye ibada. Nilidhani nyumba ni tupu."

"Yule mama alibaki kumwogesha mama mkwe wake, asiyeweza kuinuka. Na fundi?"

"Ilibidi apatikane wa kulaumiwa."

Inspekta alikunja ngumi, akamwomba Mungu amshike mkono. Akamfunga pingu mwenyewe, akaenda kufungua mahabusu.

Fundi hakuinuka.

"Afande, saruji yangu?"

"Ilitosha, kaka. Ilitosha kabisa."

Hapo ndipo fundi alipolia.