Dakika Ambazo Popo Hakuziona

Saa saba mchana, wenzake walipokuwa wakikimbilia uwanjani, Popo aliingia chumba cha sayansi, akavuta kiti na kukaa mbele ya sanduku la mayai. Jina la Popo alibandikwa na wanafunzi wenzake wa darasa la sita, naye alilivaa kwa maringo. Usiku alikuwa akijifunika shuka gubigubi na kusoma hadithi kwenye simu ya dada yake mpaka saa nane, kisha asubuhi anawatambia wenzake kwamba usingizi ni kazi ya watoto wachanga. Waliomwamini walimwonea wivu. Wasiomwamini walikaa kimya, maana Popo alikuwa na mdomo.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao nyembamba, lenye kioo mbele. Ndani mlikuwa na mayai ishirini, balbu moja na kipimajoto. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaeleza tangu siku ya kwanza: joto likipita nyuzi thelathini na nane, balbu izimwe, likishuka chini ya thelathini na saba, iwashwe. Mashine za dukani hufanya hivyo zenyewe. Hii yao haikuwa na kifaa cha namna hiyo, kwa hiyo kifaa walikuwa wao wenyewe, wanafunzi kumi na wawili wa kikundi cha sayansi, kwa zamu, na usiku mlinzi wa shule aliwasaidia. Kila robo saa mwenye zamu alisoma kipimajoto na kuandika namba daftarini.

Mayai yalitoka kwa bibi yake Kiduchu. Kiduchu alikuwa msichana mfupi kuliko wote darasani na msemaji kuliko wote, lakini siku aliyoyaleta mayai yale alitembea kutoka nyumbani hadi shuleni bila kufungua kinywa, kikapu amekikumbatia kifuani.

Siku hiyo ilikuwa ya kumi na saba. Popo alikuwa ameshiba, na chumba kilikuwa na joto la kubembeleza. Aliandika: saa saba, thelathini na saba. Saa saba na robo, thelathini na nane. Akapepesa macho.

Alipotazama tena, kipimajoto kilisoma arobaini na tatu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika nane. Daftarini, kutoka kwenye ile namba nane ya mwisho, mstari wa penseli ulikuwa umeteremka ukurasa mzima na kuishia juu ya meza.

Alizima balbu, akafungua mfuniko, akapepea kwa mikono miwili huku akijiambia kwamba hakulala. Na kweli aliamini hivyo. Alikuwa amekaa wima, hakuota ndoto, wala hakukumbuka kufumba macho. Joto liliposhuka aliwasha balbu tena, akachukua ufutio, akafuta ule mstari mpaka karatasi ikawa safi. Kisha akajaza kwa mwandiko wake mzuri: saa saba na nusu, thelathini na nane, saa nane kasorobo, thelathini na nane. Kiduchu alipoingia kupokea zamu, Popo alimwambia kila kitu ni shwari.

Saa tisa mwalimu alifunga mapazia, akayamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Juzi yake vifaranga walikuwa wakijitikisa ndani ya maganda, na watoto walicheka kwa furaha. Sasa mengi yalitulia tuli. Mwalimu aliyarudia mara mbili, akaweka tochi chini, akasema mayai haya yamepata joto kali.

Alilifungua daftari. Ukurasa wa Popo ulinyooka kama rula. Ukurasa wa Kiduchu ulijaa mikwaruzo, kwa kuwa alikuwa akikosea na kusahihisha. Tena kila mtu alimjua Kiduchu kwa soga zake. Mwalimu alimuuliza kama alitoka nje, akamuuliza kama alikuwa akipiga gumzo dirishani, akamuuliza kama aliisahau balbu. Kiduchu alijibu yote kwa sauti ile ile kwamba hakuinuka kitini. Popo alikuwa akitazama viatu vyake. Mwalimu akasema kuanzia kesho Kiduchu apumzike zamu. Jumba bovu lilimwangukia yeye, na aliyelibomoa alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka hapo.

Nyumbani Popo alikisukuma chakula kutoka upande huu wa sahani hadi upande ule. Mama yake, muuguzi wa hospitali, ndiyo kwanza alikuwa amevua viatu vya kazi. Popo akamuuliza kama mtu anaweza kulala bila kujua.

Mama alicheka. Alisema yeye aliwahi kulala amesimama, trei ya dawa mkononi, na alipozinduliwa na mwenzake akabisha kama wakili. Toka siku hiyo, wodini kwao mtu akisikia kope nzito husema, na mwenzake humpokea kazi. Kisha, akizikumbuka zamu za mayai na daftari lake, akamtazama binti yake vizuri, na kicheko kikakatika.

"Na wewe ulipozinduka, ukaandika nini?"

Popo aliinamia sahani yake.

"Mwanangu, mimi hupima joto la wagonjwa. Namba ambayo sikuipima siiandiki, hata kama mkuu wa wodi amenisimamia kichwani. Kuna mtu amelala kitandani anaitegemea ile namba. Uliandika nini?"

Popo alilia kwanza, kisha akasema yote, mpaka lile la Kiduchu. Alidhani mama ataahidi kwenda kuzungumza na mwalimu. Mama alisema tu kwamba kesho Popo atakwenda kusema mwenyewe, mbele ya wale wale waliomsikia Kiduchu akihojiwa.

Usiku ule simu ilibaki kwa dada, na bado usingizi haukuja. Kesho yake asubuhi Popo alisimama mbele ya kikundi. Alitaka kusema kwa kirefu, akajikuta amesema kwa ufupi: alilala, joto lilipanda, akafuta, akaandika uongo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Wenzake hawakumcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ubongo uliochoka haukuombi ruhusa," mwalimu alisema. "Unajizima sekunde chache hapa, dakika chache pale. Macho yanaweza kubaki wazi yasione, masikio yasisikie. Na wa kukwambia kwamba umelala ni huo huo ubongo, nao umelala. Kwa hiyo Popo alipoamini kwamba hakulala, hakudanganya. Alidanganya aliposhika ufutio."

Halafu akamgeukia Kiduchu, akamwomba radhi. Alikiri kwamba alihukumu kwa mwandiko badala ya kusikiliza. Kiduchu aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwa Popo.

"Niliulizwa mara tatu," alisema. "Na mara zote tatu ulikuwa umekaa pale, unanisikia."

 

Mwalimu alimrudishia Kiduchu zamu zake, na hakumnyang'anya Popo zake. Mchana ule ule Popo alikaa tena mbele ya sanduku. Kwa kuwa alikuwa amekesha kwa aibu, haikupita nusu saa namba za kipimajoto zikaanza kucheza. Alijikaza kisabuni, akajifinya mkono, akasimama. Bado kope zilishuka. Mwishowe alitoka mlangoni. Uwanja mzima ulikuwa ukiruka kamba, na aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Kiduchu.

"Nina usingizi," Popo alisema, mbele ya watu wote aliowahi kuwatambia. "Siwezi kuendelea."

Kuna aliyeguna, na kuna aliyelitaja lile jina lake kwa sauti ya kejeli. Kiduchu aliachia kamba, akaingia ndani, akakaa kwenye kile kiti.

Siku ya ishirini na moja vifaranga sita walitoboa maganda. Kikundi kizima kilijibana mbele ya kioo, kila mtu akitaka kuwapa majina. Popo alisimama nyuma akiyahesabu mayai yasiyotoboka. Aliyahesabu mara mbili.

"Mwalimu, yale kumi na manne ni kwa sababu yangu?"

"Ndiyo," mwalimu alijibu, wala hakumpunguzia. "Na hawa sita nao ni kwa sababu yako, maana siku iliyofuata ulisema mapema kwamba una usingizi. Kuchoka si aibu, Popo. Mwili una haki yake, na mtoto wa umri wako alale usiku kucha. Ukizidiwa, sema. Ukikosea, sema upesi zaidi, kabla mwenzako hajaanza kuulizwa."

Popo alisema kwamba siku hiyo atakwenda kwa bibi mwenye mayai kumweleza kilichotokea. Kiduchu alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo na hakugeuka. Alisogea kidogo pembeni, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Njoo uwaone kwanza," alisema. "Bibi atakuuliza wana rangi gani."