Bastola Iliyopewa Jina la Mtoto

Sogeeni kidogo, na aliye karibu na mlango aurudishe, maana haya ya Ndanu si ya kupaziwa sauti. Ndanu mke wa Kiema, wale waliokuwa wakikaa mtaa wa Kileleshwa na binti yao mmoja, Mwongeli.

Kitu cha kwanza Ndanu alichokiona ni mkono wa mumewe.

Kiema alikuwa mtu wa bastola tangu majambazi walipomvamia kwenye duka lake la vipuri vya magari kule mjini. Alichukua leseni, akafundishwa kulenga, akanunua moja ya kubeba. Ingeishia hapo, ingekuwa heri. Lakini kujilinda kuligeuka mapenzi. Wengine hukusanya saa, wengine viatu; Kiema alikusanya revolva, tena si zile ndefu za kwenye sinema. Alizitaka ndogo, fupi za mdomo, nene kidogo hapo katikati penye tumbo linalozunguka na kushika risasi, za kuvaliwa kiunoni chini ya shati na jirani asijue. Alizifungia kwenye sefu chumbani. Jumamosi alizipaka mafuta. Na kila asubuhi alichagua moja ya kwenda nayo kazini, kama mwanamke anavyochagua herini. Jioni aliivua na kuirudisha sefuni huku akisimulia habari za wateja, bila hata kuitazama.

Basi ilipokuja ile aliyoinunua mtaa wa Karen, yenye kishikio cha pembe kilichogeuka manjano, mambo yakawa mengine. Ndanu alimwona Kiema akipanda ngazi mkono wa kushoto umekinga kiuno, polepole, vile mama anavyopanda na mtoto aliyelala. Na zile nyingine hakuzigusa tena.

Ndanu alijiambia labda ni tumbo linamsumbua.

Jumapili moja wametoka kanisani, Kiema akaitoa ile bastola sefuni, ilikolala tangu jana yake, akaiacha kitandani pamoja na mkoba wake wa ngozi, akaingia kuoga. Ndanu aliisogeza ili atandike shuka. Akaurudisha mkono haraka. Ilikuwa na joto. Si joto la chuma kilichowekwa juani, la. Lilikuwa joto la mtoto mwenye homa. Akainama kunusa, sijui kwa nini alinusa, na hakupata harufu ya mafuta ya bunduki. Alipata udi. Na chini ya huo udi, harufu ya maziwa yaliyochacha, ile inayokaa kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto mchanga.

Ndipo akamsikia Kiema bafuni, maji yakimwagika, akibembeleza kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, Muema. Baba yuko hapa."

Ndanu alikaa chini, palepale kitandani.

Hilo jina mlijue kwanza. Kabla ya Mwongeli, Ndanu alijifungua mtoto wa kiume, na huyo mtoto hakumaliza hata siku mbili. Kwao Wakamba, mtoto hapewi jina siku ile ile. Hungojewa kidogo, kisha wanawake humkalia na kumtamkia jina, na mpaka hapo wazee humhesabu kuwa bado ni wa mizimu, hajawa mtu wa nyumba. Yule mtoto aliondoka kabla ya kufikia hapo. Jina lililokuwa linamngoja ni Muema. Hakuna aliyelitamka tena nyumbani mwao.

Sasa mwanamke akisikia mumewe amejifungia bafuni anamwita mtoto, atafikiri jini? Ndanu alifikiri vile angefikiri kila mwanamke. Kiema ana nyumba nyingine, ana mtoto wa kiume huko, na amempa lile jina. Akaanza kuchunguza. Alinusa mashati. Alipekua simu wakati Kiema anakula, akakuta namba moja inajirudia, ya mwanamke wa Karen anayeitwa Debra, mjane wa mzee Ndegwa, ndiye aliyemuuzia Kiema ile bastola.

Na Kiema naye akaanza. Alimshuku mlinzi wa getini, akasema anamhesabia kila anapotoka. Alimshuku kijana wake wa dukani mpaka akamfukuza. Kisha jioni moja, mezani, akaacha kijiko na kumtazama Mwongeli, msichana wa darasa la tatu, anatafuna kuku wake kwa raha.

"Hii pua yako ni ya nani?" akamuuliza.

Mwongeli akacheka, akasema ni yake mwenyewe. Kiema hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kiuno, kama mtu anayenong'onezwa.

Kesho yake Ndanu alikwenda Karen. Alikuwa amejipanga, matusi yote ameyaweka mdomoni tayari. Geti lilipofunguliwa akaona haya, kwa maana Debra mwenyewe alikuwa na umri wa mama mkwe wake, anatembea na gongo, sweta limevaliwa kinyume. Ndanu akauliza hivyohivyo mtoto yuko wapi, maana alishafika.

"Mtoto gani, mama? Mimi niliuza bastola tu," akasema Debra. Akamtazama sana. "Wacha nikuulize. Inapata moto?"

"Inapata."

Yule mjane akatupa jicho barabarani, akamvuta ndani ya geti kwa kiwiko.

"Ndegwa aliitoa Mombasa zamani, na haikukuja peke yake. Kuna kitu iliwekwa ndani, ya kulinda mali. Ilikaa kwa sanduku, ikapewa kuku yake, ikanyamaza. Mzee alinikataza jambo moja tu, nisiipatie jina. Akasema mbwa utaita jina, lakini hicho kitu, hapana."

"Na ukamuuzia mume wangu bila kumwambia?"

"Ningemwambia, angenunua?"

Ndanu alitoka pale akaenda moja kwa moja Kangemi, kwa mama mkwe wake Syokau, maana kwao jina la mtoto hutoka kinywani mwa bibi. Syokau alikuwa akikaa na binti yake nyuma ya soko. Macho ya Syokau yalikuwa yameingia ukungu, aliwajua watu kwa nyayo. Aliposikia nyayo za Ndanu alianza kulia kabla hajaulizwa.

Akasimulia. Ilikuwa ile wiki Ndanu alipokwenda Machakos kumuuguza mama yake, na Syokau akaja Kileleshwa kumtazama Mwongeli. Kiema aliita marafiki zake wa bastola, wakachoma mbuzi, wakanywa. Mzaha ukapanda. Kiema akaifunga ile bastola mpya kwenye shali la mtoto, akaja nayo hadi kwenye kiti cha mama yake, akaiweka mapajani pake. Mwaitu, yaani mama, akamwambia, mjukuu wako huyu, mpe jina. Wanaume wakacheka, na Syokau akacheka nao. Akachukua maji kinywani, akayapuliza juu ya shali, vile watoto hubarikiwa nyumbani, akatamka.

"Hilo jina nimekaa nalo mdomoni miaka yote, Ndanu," Syokau akasema. "Lilitoka lenyewe. Nikadhani ni mchezo. Halafu ndani ya shali nikasikia kitu inajinyoosha miguu."

Kisha Syokau akamtuma mtoto wa binti yake amwite Kavutha, mwanamke mnene wa kuuza maharagwe sokoni, ambaye watu wa Kangemi humwendea kwa mambo ya majini hata wale wanaomsema vibaya Jumapili. Kavutha alikuja bado anajipangusa vumbi. Alisikiliza yote bila kukatiza, akamuuliza Ndanu swali moja, kama wana mtoto mwingine. Ndanu akasema yuko msichana.

"Jini la kulinda halina shida," akasema Kavutha. "Ukililisha, linalala. Lakini hili nyinyi mmelifanya mtoto wa kiume wa kwanza. Mrithi. Na mrithi hataki dada."

Aliwaambia kazi yenyewe. Bibi aliyetoa jina alichukue. Kisha mama ampakate, amkatae kwa kinywa chake. "Na usimkatae kwa mdomo tu," akamwonya Ndanu. "Moyo wako ukimpa hata pembe ya kukalia, atakaa." Akauliza msichana yuko wapi saa hii, na Ndanu akatazama saa, akaona shule zimeshafunga, na Kiema ndiye aliyesema atamchukua.

Walifika Kileleshwa jua bado liko juu. Ngazini harufu ya udi iliwapokea. Syokau akashika ukuta akasema hapo hapaendeki, lakini akaenda.

Mlango ulikuwa wazi, na redio ya jirani ilikuwa ikiimba, na chai ya Mwongeli ilikuwa mezani imeganda utando juu, na mtoto mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti chake na sare ya shule, mikono chini ya mapaja, midomo imekauka, hathubutu hata kupepesa, kwa sababu mbele yake juu ya kitambaa cha meza ilikuwa ile bastola ndogo, imelala ubavu, mdomo wake mfupi umemwelekea kifuani, na ingawa mikono yote miwili ya Kiema ilikuwa imekunjwa mbali nayo, lile tumbo la kushikia risasi lilikuwa linazunguka lenyewe, krr, likipumzika, krr, likipumzika, na kila lilipopumzika Kiema aliinamisha sikio, akatikisa kichwa kukubali, kisha akamuuliza binti yake kwa upole uleule wa mtu anayemuuliza mtoto kama amemaliza kazi ya shule:

"Muema anasema wewe si wangu. Niambie tu ukweli. Baba yako ni nani?"

Kavutha akamfinya Ndanu mgongoni. Ndanu alitaka kumkimbilia binti yake, lakini akajua kwamba akimkimbilia, hatamfikia kwa wakati. Basi akaenda polepole hadi upande wa pili wa meza, akanyoosha mikono kama anavyonyoosha mama aliyerudi kazini.

"Baba Mwongeli," akasema, "nipe mtoto wangu, anyonye."

Kiema akamtazama. Uso wake ukalegea, machozi yakamtoka, machozi ya mtu aliyelea peke yake muda mrefu. Akaiinua ile bastola kwa mikono miwili, akakinga kishikio chake kama anayekinga kichwa kisiangukie nyuma, akampa.

Mwongeli akateleza chini ya meza, akatoka kwa magoti. Kavutha akamdaka, akamweka nyuma yake.

Ndanu akaketi sakafuni na lile joto mapajani. Syokau akapapasa hadi akaifikia, akashika pindo la leso yake, akaipangusa pale alipopuliza maji. "Nililokupa, nimelichukua," akasema. "Hakuna Muema hapa." Tumbo la bastola likazunguka kwa kasi hata meno yakawauma wote.

"Sasa wewe," Kavutha akamwambia Ndanu.

Naye Ndanu akafungua kinywa, neno likakataa. Kwa sababu ilikuwa na uzito uleule. Hospitalini walimwacha ampakate mwanawe dakika chache tu, akiwa ameshapoa, na huu ndio uzito ambao mapaja yake yalikuwa yakiutafuta miaka yote, sasa umerudi, una joto, unahema. Akasikia kifua kinamchoma. Akatazama, akaona blauzi imelowa maziwa.

"Ndanu," Kavutha akasema, "mkatae."

"Wewe si mwanangu," Ndanu akasema. Sauti ilikuwa imara, wote waliisikia. "Sikukuzaa. Toka nyumbani kwangu."

Kitu kikapumua kwa muda mrefu. Ile harufu ikapita mlangoni kama mtu aliyenunishwa. Bastola ikapoa, ikawa chuma. Kiema akaanguka kwenye kiti, akalala usingizi mzito mpaka asubuhi.

Siku iliyofuata alizifungasha bastola zote kwenye kisanduku, akazipeleka polisi na leseni yake juu. Hawakumuuliza mengi. Alirudi akampigia magoti Mwongeli, akamwomba radhi kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Yule kijana wa dukani akarudishwa. Kiunoni Kiema hakufunga tena ila mshipi, na watu waliwatembelea, wakala, wakacheka.

Lakini maziwa ya Ndanu hayakukauka. Hakumwambia mtu, hata Kavutha alipokuja kumjulia hali na kumtazama kifua kwa jicho refu. Mchana, Kiema akiwa kazini, alifunga pazia la chumba cha kulala, akaketi pembeni mwa kitanda, akafungua vifungo. Hakuona kitu. Hakukuwa na kitu cha kuonekana. Ila mapaja yalielemewa, na mdomo mdogo wenye joto ulimpata, na uchungu wa miaka mingi ukamtoka kidogo kidogo. Hakumwita jina. Alijiambia, mradi simwiti jina, hakuna ubaya.

Alhamisi moja shule ilifunga mapema. Mwongeli aliingia bila kubisha, akasimama mlangoni na mkoba mgongoni.

"Mum, unaongea na nani?"

Ndanu alifunika kifua. Alitaka kusema hakuna mtu, njoo mwanangu, chai iko tayari. Lakini karibu na shingo yake kitu kilikuwa kimeacha kunyonya, kinamnong'oneza, na alichokisema kilikuwa na maana. Akainamisha kichwa ili asikie vizuri. Kisha akamtazama binti yake aliyesimama pale mlangoni, akamtazama tangu viatu hadi utepe wa nywele, akajiuliza huyu msichana amerudi mapema kumchunguza kwa nini, na anataka nini humu ndani.