Pipa la Safu ya Chini

Saa kumi na moja jioni, mwezi wa Oktoba, Bwana Forsyth, meneja wetu, alinituma ghalani kuchota chupa moja ya wiski kutoka pipa la mwisho, safu ya chini. Kazi ya dakika kumi.

"Lina miaka kumi na miwili, Una," alisema. "Mchana nimelionja. Sijawahi kunywa kitu kama kile. Kesho tunalimimina lote kwenye chupa."

Nimezaliwa hapa kisiwani Islay. Tunakata udongo mweusi wa kinamasi, tunaukausha, tunauchoma chini ya shayiri iliyochipua ya kutengenezea wiski. Moshi ukishaingia kwenye punje hautoki. Chochote kilichokuwa ndani ya udongo huingia nao.

Niligonga pipa kwa nyundo ya mbao ili kizibo kilegee. Mara mbili.

Ndani kukagongwa mara mbili.

Nikagonga mara moja.

Mara moja...

Kizibo kikatoka chenyewe. Harufu ya moshi, ya chumvi, ya dawa ya kidonda. Hiyo ni kawaida. Kisha sufu iliyoloa. Kisha peremende.

Kaka yangu Eachann hakukosa peremende mdomoni. Alipotea kinamasini akimfuata kondoo, miezi michache kabla pipa lile halijajazwa. Hatukupata hata kofia.

"Una," sauti ikasema ndani ya pipa, kama ya mtu mwenye maji kooni. "Baridi."

Nilirudisha kizibo, nikaenda tanuruni kwa Mzee Lachie. Ndiye aliyeendesha mashine ya kukata udongo.

"Mzee, mwaka ule mlikata wapi?"

Hakuniuliza mwaka gani.

"Ukingo wa juu," alinong'ona.

"Mlikuta nini?"

"Buti, binti yangu. Na mguu ndani yake. Nikazima mashine, nikampigia Forsyth. Akasema tanuru halisubiri kondoo wala mchungaji. Kata."

"Ukakata."

"Nilikuwa na watoto, Una."

"Mama yangu naye alikuwa na watoto. Amekufa akimwekea mmoja sahani mezani kila jioni."

Akainamisha kichwa.

"Na nyasi? Mlizirudisha?"

Kila mtoto wa hapa anajua. Kabla ya kukata, unabandua nyasi za juu. Ukimaliza, unazilaza ndani ya shimo, majani yakitazama mbingu. Ardhi iliyoachwa uchi haifungi mdomo.

"Alisema hakuna muda."

Sikumpiga. Nilimwambia alete gari.

Tulilipakia pipa, tukapanda nalo hadi ukingo wa juu. Mwanga kidogo ulikuwa umebaki. Shimo lilikuwa vilevile, jeusi. Halikuota kitu miaka yote ile. Nikang'oa kizibo. Wiski ikamwagika na udongo ukainywa bila sauti. Tukakata nyasi kando, tukazilaza juu yake. Lachie akavua kofia.

"Lala, kaka," nikasema.

"Yamekwisha?" Lachie akauliza.

Niligonga pipa tupu. Kimya.

Ndipo nikakumbuka. Mchana Forsyth alilionja.

Alikuwa anakuja kinamasini kwa miguu, bila koti, bila taa. Mikono yake ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Ilinuka peremende.

"Una," alisema, kwa sauti ile ya maji. "Baridi."

Lachie akanyoosha mkono amzuie. Nikaushika.

"Mwache."

"Binti, huyo ni Forsyth!"

"Ndani yake yumo kaka yangu. Anarudi kwake."

Akatupita. Nyasi zikafunguka, zikammeza, zikajifunga.

Hatukusikia hata kelele.

Polisi walitafuta siku tatu, na mbwa. Waliniuliza kama nilimwona jioni ile. Niliwaambia walichotuambia wao kuhusu Eachann: kinamasi ni kikubwa.

Nyasi za ukingo wa juu zimeshika vizuri. Harufu ya peremende imeondoka ghalani, na kaka yangu hajaniita tena. Lakini jioni nikigonga pipa, lolote lile, kuna anayejibu. Anagonga haraka haraka, kama mtu mwenye shughuli nyingi. Anataka nimfungulie.

Mimi huinama karibu na kizibo, nikamnong'oneza maneno yake mwenyewe.

"Tanuru halisubiri."