Kasuku Bado Anajibu

Asubuhi, mwalimu wa darasa la tano alifunga mapazia. Aliwasha mashine ya kuonyesha picha, na ukuta ukawa ukurasa mkubwa. Ulikuwa ukurasa wa pamoja wa mtandaoni, wa bure kabisa. Darasa lilikuwa na vishikwambi kumi tu. Watoto walivitumia watatu watatu, wakaandika majibu na kuyaona ukutani.

"Haya wanangu, tujiandikishe," alisema.

Majina yakaanza kutokea. Nipo. Nipo. Nipo. Watoto walicheka na kusukumana.

Kisha, chini kabisa, likatokea jina jingine.

Kasuku: nipo

Kicheko kilikatika ghafla. Kasuku alikuwa msichana wa darasa hilo. Walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Miezi miwili iliyopita aliugua homa kali, akafariki. Darasa zima lilikwenda mazikoni.

"Nani anafanya mzaha?" aliuliza mwalimu.

Alikusanya vishikwambi vyote, akavipanga mezani kwake. "Mikono juu ya madawati!"

Swali la kwanza lilikuwa limeshaandikwa ukutani: Sehemu gani ya mmea hufyonza maji?

Hakuna mkono uliosogea. Hata hivyo, herufi zikaanza kutokea, polepole, moja moja. m. z. Zikafutika. Zikaanza upya.

Kasuku: mzizi

Msichana aliyekuwa akikaa dawati moja na Kasuku alipiga ukelele na kukimbilia mlangoni. Mwalimu aliruka hadi kwenye mashine. Akachomoa waya ukutani.

Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimeenea. Mwalimu mkuu akamwita.

"Wazazi wamejaa ofisini kwangu. Wanasema darasa lako lina mzimu. Vifungie hivyo vishikwambi. Jumatatu nataka maelezo, la sivyo tunarudi kwenye chaki, basi."

Jioni mwalimu alimsimulia mumewe, fundi wa friji. Mumewe aliacha kula.

"Mimi nikiguswa na umeme najua nimeguswa na nini," alisema. "Hili sasa... Mwulize wifi yako. Mambo ya waifai, wifi ndiye mwenyewe!"

Mwalimu alishindwa kucheka. Lakini alimpigia simu. Wifi yake alifanya kazi katika duka la huduma za kompyuta, akaja kesho yake, Jumamosi asubuhi.

"Wifi, kiungo cha ukurasa huu uliwapa nani?"

"Niliwatumia wazazi wote kwenye simu, mwanzoni mwa mwaka."

"Na mpangilio wake? Nani anaruhusiwa kuingia?"

"Sijui. Niliufungua tu, nikaanza kufundisha."

"Basi tazama hapa. 'Yeyote mwenye kiungo anaweza kuandika.' Umejenga nyumba nzuri, ukaacha mlango wazi. Mtu yeyote duniani angeweza kuingia, akajiita jina lolote, akazungumza na watoto. Chombo hakina ubaya, wifi. Lakini cha bure nacho kina masharti yake. Lazima uyasome."

Kisha akafungua orodha ya mabadiliko. Ukurasa ulikuwa umehifadhi kila kilichoandikwa, pamoja na saa yake. Jina la Kasuku lilikuwepo kila siku, kwenye masomo ya zamani ambayo mwalimu hakuwahi kuyarudia. Mzizi, mzizi, mzizi. Jani, jai, jani. Mara kumi, mara ishirini.

Mwalimu alisogea karibu na kioo. "Kasuku hakuwa akikosea hivi. Aliandika vizuri sana."

"Basi huyu si Kasuku. Huyu anajifunza kuandika. Simu ya nani ilikuwa na kiungo nyumbani kwao?"

"Ya mama yake," mwalimu alisema. Alichukua mtandio wake, wakatoka.

Mama Kasuku alikuwa fundi cherehani. Walimkuta ameinama kwenye mashine yake, simu imeegemezwa kwenye mkebe wa nyuzi. Ukurasa wa darasa ulikuwa wazi.

"Karibuni," alisema. Alipoona wanakitazama kioo cha simu, aliificha haraka chini ya kitambaa.

"Pole, mama," mwalimu alisema taratibu. "Sikuja kugomba. Ni wewe unayeandika?"

Mama aliitoa simu chini ya kitambaa.

"Sikusoma, mwalimu. Mwanangu ndiye aliyekuwa akinifundisha, kila akirudi shule. Neno langu la kwanza lilikuwa 'nipo'. Alipoondoka, simu ilibaki na jina lake. Sikujua kulibadilisha. Nikiandika, naona kama yupo hapa ananisahihisha. Jana ndiyo mara ya kwanza nilijaribu somo jipya."

"Watoto wanaliona jina lake, mama. Wameogopa sana."

"Wanaliona?" Alishika kifua. "Ya Rabi! Nilidhani naliona mimi peke yangu."

Wote watatu walilia.

Jumatatu mwalimu alimweleza mkuu wake kila kitu, na kosa akalikubali kuwa lake. Wifi alimwonyesha namna ya kuufunga ukurasa. Sasa huingia waliomo kwenye orodha tu, kila mtoto kwa namba yake ya siri. Picha za watoto na namba za simu haziwekwi. Anayeondoka shuleni huondolewa kwenye orodha, na wazazi huambiwa nani anaona nini. Mama Kasuku alikuja darasani mwenyewe, akawaomba radhi watoto. Msichana wa lile dawati ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia.

Vishikwambi vikatoka kabatini. Mwalimu akafungua ukurasa mwingine wa bure, wa watu wazima, kila Jumatano alasiri. Waliojiandikisha walikuwa tisa.

Somo la kwanza liliuliza: Unaitwa nani?

Mama Kasuku alikaa muda mrefu, kidole hewani. Kisha akaandika jina ambalo wazazi wake walimpa, ambalo maisha yake yote wengine walikuwa wakimwandikia. Alilisoma kwa sauti. Akalisoma tena.