Mvua ya Milimita Kumi na Tisa

"Kwa hiyo nikienda je?"

"Utakuwa umekwenda."

"Na nikibaki?"

"Utakuwepo."

Mshonaji akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akamkodolea macho mchumba wake. Mwanamume mzima kakaa kwenye kigoda, anatia mafuta mkasi wa mwenziwe, katulia utadhani anasubiri chai. Mtaani walimwita Mpimamvua, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kila siku saa tatu asubuhi anachungulia kopo la kupimia mvua pale kituo cha hali ya hewa, anaandika daftarini, anapiga simu makao makuu. Miaka tisa hajakosa hata siku moja.

"Nisikilize vizuri," Mshonaji akasema. "Nimepata kazi ya kushona magauni ya arusi. Ni mbali, na ni miaka miwili. Ijumaa saa kumi wanataka sahihi yangu. Mimi na wewe tumechumbiana. Unataka niende au nibaki?"

"Vyovyote utakavyoamua, sawa tu."

"Sawa tu?"

"Sawa tu."

Loh! Ukitaka kumuua mwanamke bila kumgusa, mwambie hivyo. Mpimamvua akaaga, akaondoka zake. Nyuma akaacha mkasi unang'aa, na sindano zote za cherehani zimepangwa kuanzia nyembamba hadi nene. Sasa mtu asiyejali anapanga sindano za nini? Hapo ndipo Mshonaji alipochanganyikiwa.

Shangazi yake, waliyekuwa wakishona naye chumba kimoja, alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu, huyo hakupendi wala hakuchukii. Heri anayekuchukia, utajua pa kumkwepea."

"Lakini shangazi, juzi katembea juani saa nzima kuniletea mkanda wa cherehani."

"Punda naye hubeba mizigo. Umewahi kumuuliza kama anakupenda?"

Mshonaji akarudisha mguu kwenye pedali.

Jumatatu akaamua kumchokoza. Saa mbili na nusu asubuhi akamtumia ujumbe:

"Zimebaki siku 19 niondoke. Unasemaje?"

"Sawa tu."

Jumanne, saa ile ile:

"Zimebaki 18."

"Nimeona."

Jumatano:

"17."

"Haya."

Haya ya nini jamani? Haya nenda? Haya nimekuchoka? Mshonaji akakata kitambaa cha mteja vibaya, mikono yote miwili ikatoka ya kushoto. Alhamisi akaona liwalo na liwe.

"16. Na nikipata mwanamume mwingine huko?"

Ikapita asubuhi, ukapita mchana. Jioni simu ikalia.

"Atakuwa na bahati."

Aliusoma ujumbe ule mara kumi. Kasifiwa au kaagwa? Akampelekea shangazi simu.

"Hapo umeagwa," shangazi akasema. "Tia sahihi uende zako."

"Na kama kanisifu?"

"Basi kakusifu huku anakuaga. Wewe unataka nini hasa?"

"Sijui, shangazi. Wallahi sijui. Nataka anijali tu."

Ijumaa hakutuma kitu. Akatia mkataba kwenye mkoba, akaenda kituoni kwa miguu yake, ajue moja. Hata mlango hajaufikia, akasikia makelele. Mkuu wa kituo, mama mmoja mwenye miwani minene, alikuwa ndiyo kwanza karudi likizo, na daftari kalishika mkononi.

"Jumatatu mvua milimita kumi na tisa! Jumanne kumi na nane! Jumatano kumi na saba! Jana kumi na sita! Mvua gani inayopungua moja moja, na jua hili linakausha hata mate kinywani? Makao makuu wananiuliza kama tumehamia nchi nyingine!"

Mpimamvua kasimama, kichwa chini.

"Na leo umeandika ngapi?"

"Kumi na tano."

Mshonaji akasukuma mlango, akaingia. Leo hakuwa ametuma ujumbe wowote. Kumi na tano Mpimamvua kazihesabu mwenyewe.

"Mama, hizo siyo mvua," Mshonaji akasema. "Hizo ni siku zangu."

"Siku zako za nini?"

"Za kuondoka."

Yule mama akavua miwani, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Wewe ndiye mchumba?"

"Ndiye mimi. Nadhani."

"Basi malizaneni. Mimi nakwenda kuandika barua ya kufuta hii gharika yenu."

Wakabaki wawili.

"Ulikuwa unanidhihaki?" Mshonaji akauliza.

"Hapana. Sikujua hata kama naandika. Kopo kavu, naliona kwa macho yangu, halafu mkono unaandika siku zako."

"Sasa mbona unajibu sawa tu?"

Mpimamvua akakaa. Alikuwa hajazoea kusema sentensi ndefu, ikabidi aanze mara mbili.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa kulikuwa na ukame. Nilivyoitaka mvua, siku moja nikaiandika na kopo ni tupu. Mkuu wa wakati ule akaniambia, mpimaji hana upande. Mvua haijali nani kalima, nani anaoa. Ukishaanza kuitaka, utaanza kudanganya. Nikajizoeza kutotaka. Na wewe nikaogopa. Nilisema nikikutaka sana, nitakudanganya ili ubaki."

"Mimi siyo mvua, bwana!" Mshonaji akapasuka. "Mvua haikuulizi! Mimi nimekuuliza!"

"Najua."

"Basi jibu!"

"Sitaki uende."

"Sisikii."

"Sitaki uende!" Sauti ikakatika, machozi yakamtoka mtu mzima yule. "Nitapita pale kwako nikute kufuli. Nitamtilia mafuta nani mkasi? Sitaki, sitaki kabisa!"

Maneno haya Mshonaji aliyasubiri wiki nzima. Usiku hapati usingizi, anajiona anachana mkataba vipande vipande pale pale. Sasa yamekuja. Moyo ukamjaa, akacheka, akalia. Kisha akafungua mkoba, akatoa mkataba, akaomba kalamu.

Mpimamvua akampa. Akamwona anaandika.

"Unafanya nini?"

"Natia sahihi."

"Si nimesema usiende?"

"Umesema. Ndiyo maana sasa naweza kwenda."

"Sikuelewi."

"Hata mimi sijielewi vizuri, usidhani. Nilitaka kuzuiwa, sikutaka kubaki. Ningekwenda umekaa kimya vile, ningerudi kwa nani?"

Mpimamvua akafuta uso kwa kiganja. Akazunguka meza mara mbili, akasimama mbele yake.

"Basi nataka tufunge ndoa kabla hujaondoka. Wiki ijayo."

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Nataka. Na ukikataa nitakasirika, na utaniona nimekasirika."

"Nikuone wewe umekasirika? Hilo siwezi kulikosa," Mshonaji akasema, akamshika mkono. "Nimekubali."

Akampigia shangazi simu pale pale.

"Shangazi, kasema hataki niende!"

"Ee, kumbe ana mdomo! Kwa hiyo unabaki?"

"Naenda. Na wiki ijayo tunaoana."

"Mwanangu, umekula nini leo?"

Walioana Alhamisi, mama wa miwani akiwa shahidi. Siku ya safari ilipofika, basi likawasha injini dakika ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi, na Mpimamvua, mbele ya abiria wote, akagombana na dereva kwa kuondoka kwa wakati.