Mama Hakusikia Neno

Mshonaji alizoea kuongea na mama yake huku akishona. Simu yake iliwahi kuingia maji, na maiki yake ya ndani ikafa. Kwa hiyo aliongea kwa hedifoni tu. Siku moja maiki ya hedifoni nayo ikaharibika.

"Mpelekee fundi wa redio hapo jirani," mumewe alimwambia, akienda safari na lori lake.

"Fundi wa nini? Kuunga nyaya mbili tu?"

Alitoa maiki kwenye simu nyingine mbovu ya zamani, akaiunga kwenye nyaya za hedifoni, akaifunga kwa gundi. Hakuijaribu.

Usiku mama akapiga. Walikuwa wamekosana. Mama alikataa kuhamia kwa bintiye, na binti akamjibu vibaya.

"Mwanangu, tuyamalize," mama alisema.

"Nisamehe, mama. Nilikukosea adabu."

"Haloo? Mbona kimya?"

"Nipo, mama! Naongea!"

"Hata kunijibu hutaki? Haya, mwanangu."

Simu ikakatwa. Kumwandikia ujumbe kusingefaa, mama hakujua kusoma. Mshonaji aliona haya kuwagongea majirani usiku. Akajisemea, nitaomba simu kesho.

Kulipokucha, mama mdogo akapiga. Mama ameanguka. Ni kiharusi, na amepoteza kauli. Mshonaji alilia, lakini kilio chake hakikufika popote.

Alikimbilia kwa fundi wa redio, akaazima simu. Mama mdogo akamwambia mama yuko kwa daktari, apige jioni.

Fundi aliifungua hedifoni. "Umegeuza nyaya, dada. Tazama, maiki ina ncha mbili. Hii iliyoungana na ganda lake la chuma ndiyo hasi. Iunge na waya wa hasi. Ukigeuza, sauti haitoki."

"Na waya huu?"

"Umepakwa rangi. Ikwangue kwanza, la sivyo umeme haupiti. Gundi iwe ya mwisho kabisa. Kabla yake, jirekodi ujisikilize."

Mshonaji alikwangua, akaunga upya, akajirekodi. Sauti yake ikatoka safi.

"Laiti ningefanya hivi jana!" alisema.

"Pole sana, dada," fundi alijibu.

Jioni mama mdogo aliweka simu sikioni mwa mama.

"Mama, ni mimi. Jana nilikujibu, maiki ndiyo haikufanya kazi. Nisamehe."

Ilisikika pumzi tu. Kisha mama mdogo akasema, "Amekusikia. Ameng'ang'ania mkono wangu. Endelea."

Mshonaji akaendelea kuongea. Kila alipouliza jambo, alinyamaza kidogo, muda ambao mama angejibu.