Mstari Mmoja Juu ya Mdudu

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare na kabla ya ukaguzi wa bweni, kitanda changu cha juu kilikuwa ofisi ya serikali. Mimi ndiye niliyekuwa Waziri wa Urembo. Hakuna aliyenichagua, nilijiteua mwenyewe na kujiapisha kwa kijiko cha chai. Kazi za wizara zilikuwa kusuka nywele, kukata kucha na, kuanzia Jumamosi moja yenye nuksi, kutoboa masikio.

Mteja wa kwanza alikuwa rafiki yangu Twiga, aliyeitwa hivyo kwa urefu wa shingo. Ndewe zake, zile ncha za chini za masikio, zilitobolewa tangu utotoni. Sasa alitaka tundu jingine, juu kabisa, pale sikio linapokuwa gumu.

"Waziri, kweli unajua?"

"Mwananchi, usiidharau serikali."

Nilichukua sindano ya kushonea vifungo, nikaipangusa kwenye sketi yangu, nikasukuma. Sikio lilialika kama ganda la yai. Twiga aliuma mto.

Jumatatu sikio lilikuwa jekundu, na matroni akatupa ruhusa twende hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Shuleni kwetu anayemtoboa mwenzake hurudishwa nyumbani wiki mbili. Kwa hiyo njiani nilitoa tamko: "Uliumwa na mdudu. Umesikia?"

Twiga akaitikia. Yeye ni mwaminifu kwa rafiki, hata rafiki asiyestahili.

Daktari alipouliza kilichotokea, nilijibu kabla ya mgonjwa. "Mdudu, daktari. Mweusi, mwenye mabawa." Mabawa niliyaongeza kwa ajili ya urembo. Foleni ilikuwa ndefu. Akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa kaumwa na mdudu, akatoa dawa ya kupaka. Nilirudi shuleni nikipiga mluzi.

Alhamisi sikio lilikuwa limevimba, linang'aa, limesimama mbali na kichwa kama mpini wa kikombe. Twiga alilia hata kuvaa sweta. Tukarudi hospitali, na kabla hatujafika kwa daktari tukaitwa kwenye dirisha la kumbukumbu. Karani wa pale, kwa bahati yangu mbaya, ni mama yangu mdogo. Kazi yake ni kusoma kila faili na kuandika namba ya ugonjwa kutoka kwenye kitabu kinene kama tofali. Kila ugonjwa una namba yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Faili la mwenzako nimelifikia jana. Nimeshindwa kulipatia namba."

"Si uandike tu ya mdudu?"

"Mimi sikisii. Daktari kaandika mdudu. Lakini nesi aliyesafisha kidonda kaandika tundu moja la duara, limetokea upande wa pili. Mdudu gani huyo, anaingia mbele anatokea nyuma? Ana kekee ya seremala?"

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Nikiandika ya mdudu," aliendelea, "daktari wa leo ataisoma na kumpa dawa ileile. Huku juu sikio ni gegedu, ule mfupa laini. Gegedu likioza haliponi likarudi lilivyokuwa. Sikio hujikunja kama karatasi iliyoloa, likabaki hivyo maisha."

Twiga aligusa sikio lake, akanitazama. Sikio lake lilikuwa linaharibika, naye bado alikuwa ananitunzia uongo wangu. Uso ulinichoma kama nimeinamia jiko.

"Ni mimi," nilisema, na sauti ya Waziri haikuwepo. "Nilimtoboa kwa sindano ya vifungo."

Mama mdogo hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alibeba faili, akatupeleka kwa daktari wa zamu, nikayarudia yote, pamoja na sketi.

Daktari alibonyeza ndewe ya Twiga, haikuuma. Alipogusa juu, Twiga alipiga kelele.

"Ndewe ni nyama laini, haina gegedu, ndiyo maana imesalimika," alisema. "Huu ni uvimbe wa gegedu. Dawa yake nyingine kabisa, tena ya sindano, na analazwa leo hii. Mngechelewa siku mbili zaidi, tungezungumza mengine."

"Basi ufute yule mdudu," nilimwomba, macho chini.

Hakufuta. Alipiga mstari mmoja tu juu ya yale maneno, yakaendelea kusomeka vizuri kabisa. Pembeni akaandika: *Si kweli. Alitobolewa kwa sindano, mwenzake amekiri.* Akatia tarehe na sahihi. Ndipo mama mdogo akaandika namba.

Nilirudishwa nyumbani wiki mbili, na wizara ikavunjwa. Siku niliyorudi, nilikwenda moja kwa moja wodini kumwomba Twiga radhi. Sikio lilikuwa limenywea, limebaki na kinundu kidogo ambacho hakitaondoka. Mama mdogo alikuwa amekuja kuchukua mafaili.

"Kwa nini hamkufuta?" nilimuuliza.

"Faili halifutwi, mwanangu. Kosa linabaki, na ukweli unakaa ubavuni mwake. Mgonjwa hutibiwa kwa yaliyosemwa. Ukimdanganya daktari, unamlisha mwenzako sumu kwa mkono wa mtu mwema."

Twiga alisogea kitandani, akanipisha niketi.

"Wanasema sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Langu limesikia, Waziri. Tunasubiri lako."